Mbuzi wa Kibera na Sindano ya Uzazi

Tuanze na mfano ambao kila aliyepata kufuga ataufahamu kwa haraka. Tuseme yupo mama mmoja wa Makina, Kibera, jijini Nairobi, mwenye mbuzi jike watatu katika banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Aliwanunua kwa pesa za chama, akiwa na nia mbili: maziwa ya wajukuu, na wana wa mbuzi wa kuwalea hadi wafae kwa akika na Idi, au wauzwe karo ya shule inapobisha hodi. Mwaka umekwisha. Banda lina mbuzi wale wale watatu, na hakuna hata mmoja anayeonekana kuwa na mimba.

Jirani anamwambia, "Mama, mbona wahangaika? Siku hizi kuna sindano. Wachomwe leo, keshokutwa watake beberu, na baada ya miezi mitano banda limejaa." Kisha anamtajia kijana apitaye na mkoba wa dawa mlango hadi mlango, na bei yake.

Je, mama huyu atoe pesa au asitoe? Swali ni dogo kwa mwenye shamba la mbuzi mia. Kwa mwenye mbuzi watatu na akiba ya mwaka mzima ndani yao, si dogo hata kidogo. Na kama tutakavyoona, si mbuzi peke yake aliye hatarini.

Kibera ya mifugo

Wengi wetu tulio pwani tukitajiwa Kibera huwaza mabati, matope na vichochoro. Husahau kwamba mahali hapo palikuwa msitu, na kwamba jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo. Askari wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles waliwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, wakaoa, wakajenga, wakalima na kufuga. Kizazi chao ndicho jamii ya Wanubi, ndugu zetu Waislamu, ambao mwaka 2017 walikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288 baada ya madai ya miaka mingi.

Mji ulipowazunguka, malisho yalitoweka, lakini mbuzi hawakuondoka. Leo mbuzi wa Kibera huokota chakula kando ya reli, sokoni na jalalani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, lakini taka za plastiki hazikwisha, na mbuzi alaye jalalani humeza vipande pamoja na maganda. Plastiki haisagiki wala haitoki. Hubaki tumboni ikichukua nafasi ya chakula, hata mnyama akaonekana ameshiba ilhali mbavu zinahesabika. Jambo hili tuliweke akilini, kwani ndipo ilipo nusu ya jibu.

Mwili una saa yake

Homoni si dawa iliyozuka maabara. Ni wajumbe ambao Mwenyezi Mungu amewaweka katika damu ya kila kiumbe chenye uzazi. Kiungo kimoja hutoa ujumbe, damu huuchukua, na kiungo kingine huutii.

Mbuzi jike aliye mzima hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Joto lenyewe hudumu siku moja au mbili tu. Atatikisa mkia bila kukoma, atalia bila sababu, atapunguza kula, atapanda wenzake au kukubali kupandwa nao, na sehemu zake za uzazi zitavimba kidogo na kuwa nyekundu. Karibu na mwisho wa joto hilo yai hutoka. Pale lilipotoka, hujengeka tezi ndogo ya rangi ya manjano, nayo hutoa homoni iitwayo projesteroni. Kazi ya homoni hii ni kuutuliza mji wa uzazi. Maadamu ipo, mbuzi hatataka beberu.

Ikiwa hakushika mimba, mji wa uzazi wenyewe hutuma mjumbe mwingine, prostaglandini, aivunje tezi ile ili mzunguko uanze upya. Akiwa ameshika, tezi hubaki. Na hapa mbuzi ametofautiana na wanyama wengine kadhaa: mimba yake hutegemea tezi hiyo tangu siku ya kwanza hadi siku ya kuzaa, muda wa siku 150 hivi. Tezi ikivunjika, mimba hutoka, iwe ya mwezi mmoja au ya miezi minne.

Sindano zinavyofanya kazi

Dawa zitumiwazo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ile iliyo mfano wa projesteroni. Haichomwi, bali hutiwa katika kisifongo kidogo chenye uzi kinachowekwa katika njia ya uzazi ya mbuzi, kikakaa humo siku 11 au zaidi kulingana na utaratibu wa daktari. Njia hii ilibuniwa Australia katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kondoo. Kisifongo kinapotolewa, mwili hudhani tezi imevunjika, na mbuzi huingia kwenye joto katika siku moja au mbili.

Ya pili ni prostaglandini, na kwa kawaida hii ndiyo "sindano ya kuleta joto" inayosifiwa mitaani. Huivunja tezi ya manjano. Basi ifahamike vyema: pasipo na tezi, haina la kuvunja. Mbuzi aliyekonda hata mzunguko wake ukasimama akichomwa dawa hii, hatapata joto wala mimba. Pesa zimekwenda.

Ya tatu ni ile ya kuchochea mayai, ambayo hutolewa katika damu ya farasi jike wenye mimba. Huchomwa karibu na wakati wa kutoa kisifongo. Utoaji wa damu hiyo, hasa katika Argentina, Uruguay na Iceland, umelalamikiwa sana na watetezi wa wanyama kwa jinsi farasi hao wanavyotendewa. Na dawa yenyewe ina mipaka. Ikizidi kipimo, mayai hutoka mengi kupita kiasi, na mbuzi mwenye chuchu mbili akaja na watoto wanne asioweza kuwalisha. Ikirudiwa mwaka baada ya mwaka, mwili wa mbuzi hujifunza kuipinga, na faida yake hupungua.

Utaona, basi, kwamba hakuna katika hizi iliyo dawa ya utasa. Kazi yake kubwa ni kupanga saa. Mwenye mbuzi wengi huwapa ili wote wapate joto siku moja, mtaalamu aje mara moja tu na mbegu za beberu bora, awapandishe kwa mrija, na wazae katika juma moja. Hata Ufaransa, ambako wafugaji wa mbuzi wa maziwa wameizoea kazi hii kwa miaka mingi, yapata thuluthi ya mbuzi waliopandishwa hivyo, au zaidi, hurudi bila mimba.

Hatari kwa mbuzi, hatari kwa mama

Sasa turudi katika banda la Makina tuwatazame mbuzi wale watatu. Wa kwanza amekonda, kwa kuwa hula jalalani. Mzunguko wake umesimama, na sindano ya prostaglandini haitamfaa kitu. Wa pili ni mzima, na joto humjia kila baada ya wiki tatu, ila humjia usiku au siku ambayo mama yuko sokoni, na beberu hayupo karibu. Wa tatu alikutana na beberu wa mtaani siku alipofunguliwa, na ana mimba ya miezi miwili ambayo haijaonekana kwa macho.

Kijana wa mkoba hakuuliza lolote kati ya haya. Akiwachoma wote watatu sindano ile ile, wa kwanza atabaki vile vile, wa pili huenda akapata joto na beberu asipatikane, na wa tatu atatupa mimba ambayo ndiyo neema iliyokuwa ikisubiriwa mwaka mzima. Mama atasema mbuzi amekumbwa na jicho baya, ilhali ni dawa iliyofanya kazi yake barabara mahali isipotakiwa.

Lakini lililo kubwa kuliko hasara ya mbuzi ni hili, na tunawaomba kina mama na mabinti walisome mara mbili. Prostaglandini hupenya ngozi. Tone likimwagikia mkononi, au sindano ikimchoma anayemshika mbuzi, dawa huingia katika damu yake. Kwa mwanamke mja mzito, yaweza kuharibu mimba. Kwa mwenye pumu, yaweza kumbana pumzi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wake huonya kwamba wanawake walio katika umri wa kuzaa na wenye pumu wajihadhari nayo mno, na kila anayeishika avae glavu. Ikimwagikia ngozi, ioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Aliyechomwa kwa bahati mbaya aende hospitali pamoja na chupa ya dawa.

Katika nyumba zetu, nani humshika mbuzi akichomwa? Aghalabu ni mama mwenyewe au binti yake, mikono mitupu, katika banda jembamba, na mbuzi akipiga mateke. Chupa iliyobaki huwekwa dirishani, karibu na dawa ya kikohozi ya watoto. Dawa hii haina mahali katika nyumba ya familia. Ikihitajiwa, daktari wa mifugo aje nayo na aondoke nayo.

Yanayotangulia sindano

Dawa ya mbuzi wa kwanza ni chakula. Mwili wenye njaa huufunga mlango wa uzazi kwa hekima, kwa maana usioweza kujilisha wenyewe hauwezi kulisha na mwingine. Afungiwe, asiende jalalani, aletewe majani mabichi, majani ya viazi vitamu, masalio safi ya mboga kutoka sokoni, maji safi na jiwe la chumvi ya madini. Apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari. Wafugaji stadi huwaongezea mbuzi chakula wiki mbili au tatu kabla ya kuwapandisha, na nyongeza hiyo huongeza mayai, na mapacha wakapatikana kwa njia ya salama. Ila unga na ugali visizidi, kwani wanga mwingi wa ghafla hulichachusha tumbo la mbuzi na kumuua.

Dawa ya mbuzi wa pili ni jicho na kalamu. Daftari la shilingi chache laweza kufanya kazi ambayo watu wanailipia sindano. Iandikwe siku aliyoonekana na joto, zihesabiwe siku 21, na beberu atafutwe mapema. Huku kwetu karibu na ikweta, usiku na mchana hulingana takriban mwaka mzima, hivyo mbuzi wa kienyeji hana msimu mmoja wa joto kama mbuzi wa Ulaya. Akiwa na afya, nafasi humjia kila baada ya wiki tatu.

Na beberu mwenyewe ni dawa. Majike waliotengwa naye kwa mwezi mmoja, hata harufu yake isiwafikie, akiingizwa ghafla kati yao, wengi wao hupata joto katika siku chache. Harufu na sauti yake huziamsha homoni zile zile ambazo sindano huziiga. Mama wa mjini asiye na nafasi ya kuweka beberu, wala majirani wa kuivumilia harufu hiyo, anayo hila ya zamani: achukue kitambaa, akisugue nyuma ya pembe za beberu ambako harufu ni kali, akihifadhi katika kopo lenye kifuniko, na kila asubuhi awanusishe mbuzi wake. Mwenye joto atajitambulisha kwa kutikisa mkia na kukig'ang'ania kitambaa.

Wana wa kiume nao watengwe na mama zao wakifikisha miezi mitatu. Beberu mchanga huweza kupanda mapema kuliko tudhanivyo, na katika banda la chumba kimoja huishia kumpanda mama yake au dada zake. Kizazi cha damu moja huzaliwa dhaifu na kufa wachanga. Watu wa Meru na Tharaka walilizingatia jambo hili katika mradi wa shirika la FARM-Africa ulioanza miaka ya 1990. Mbuzi wa maziwa aina ya Toggenburg waliletwa kutoka Uingereza, beberu akalelewa na mwanachama mmoja kwa ajili ya majirani wote, na baada ya muda akahamishiwa kijiji kingine asije akawapanda binti zake. Maziwa yaliongezeka kwa beberu bora na kwa kumbukumbu zilizoandikwa vizuri.

Kwa mbuzi wa tatu, jibu ni kumpima kwanza. Kanuni ni moja: asichomwe dawa yoyote ya uzazi mbuzi ambaye haijathibitika kwamba hana mimba. Aliyepandwa asiporudi kwenye joto baada ya wiki tatu, adhaniwe ana mimba hadi daktari aseme vinginevyo.

Kuhesabu kwa mwezi mwandamo

Kina mama wa Kiislamu wanayo kalenda iliyo nyepesi kwa kazi hii. Siku 150 za mimba ya mbuzi ni takriban miezi mitano ya mwandamo. Aliyepandwa mwanzo wa Rajabu atazaa mwanzo wa Mfungo Tatu. Aliyepandwa Mfungo Mosi atazaa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi.

Hesabu hii yatuonyesha jambo jingine. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, mbuzi wa kuchinjwa Idi Kubwa hutakiwa awe ametimiza miaka miwili, ingawa madhehebu mengine huridhika na mwaka mmoja. Basi anayetaka kuchinja mbuzi wa banda lake mwenyewe aanze kabla ya miaka miwili na miezi mitano ya mwandamo. Hakuna sindano iwezayo kuufupisha muda huo. Anayeambiwa achome dawa mwezi wa Shaabani apate mnyama wa Idi ya mwaka huu anadanganywa waziwazi.

Lini sindano ina haki

Hatusemi kwamba elimu hii ni mbaya. Ina mahali pake. Ikiwa kina mama kumi wa Kibera au Kawangware wana mbuzi ishirini wenye afya, wamepimwa na kuthibitika hawana mimba, na wanataka kizazi cha maziwa, basi kulipia daktari mmoja kwa siku moja kwaweza kuwa na faida. Nao wako karibu na chimbuko la elimu hiyo, kwa kuwa Kabete si mbali na Kawangware. Huko kipo kituo cha taifa cha mbegu za mifugo, KAGRC, ambacho asili yake ni mwaka 1946, na ambacho hutayarisha mbegu za ng'ombe na za mbuzi. Huko pia ndiko Chuo Kikuu cha Nairobi kinakofundishia madaktari wa mifugo.

Mwenye kuja aulizwe mambo manne. Je, amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya? Je, atampima kila mbuzi mimba kabla ya kumgusa? Beberu au mbegu iko tayari kwa saa ile joto litakapokuja? Na baada ya dawa, maziwa na nyama visubiri siku ngapi kabla ya kutumiwa na familia? Asiyeweza kujibu haya asipewe mbuzi wala pesa.

Yako na ya kuwauliza mashekhe. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kutoza ujira wa dume kupanda, na wanazuoni wamezungumza juu ya zawadi isiyowekewa sharti na juu ya kukodisha dume kwa muda maalumu. Ipo pia hukumu ya dawa inayotokana na damu. Gazeti halitoi fatwa, bali twahimiza swali liulizwe kabla ya mkono kutoa.

Tumrudie mama wa Makina. Mwache kijana wa mkoba apite. Pesa alizotaka kumpa azigawe: sehemu kwa daktari aje awapime mbuzi wote watatu, sehemu kwa majani na chumvi ya madini, na chache kwa daftari na kalamu. Mbuzi wa tatu atamzalia baada ya miezi mitatu, inshallah. Wa pili ataonekana na joto kabla ya mwezi kuandama tena. Wa kwanza atachelewa, mpaka mbavu zake zifichike. Na binti aliyetaka kumwita amshikie mbuzi asubuhi ile, ambaye pengine ana mimba changa asiyoijua yeye mwenyewe, atakuwa salama ndani ya nyumba.